Mnara wa Antena Unaolala: Namna ya Kuusimamisha, Kuushusha na Kuutunza

Mnara wangu wa kwanza wa redio ya ridhaa, ile ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu, ulikuwa wa kupanda, na kila kilichoharibika kiliharibika huko juu. Mara ya kwanza nilipanda kubadili plagi ya kebo iliyoingia maji. Mara ya pili kunguru walikuwa wamejenga kiota cha vipande vya waya na hanga za nguo, kikagusana na antena na redio ikawa inalalamika. Mara ya tatu, nilipofika mita 10, nikakuta nyuki wamehamia ndani ya bomba la juu. Nilishuka uso umevimba, na kilichonizuia nisiruke ni mkanda wa usalama tu. Jioni ile nilianza kuchora mnara wa pili, wenye bawaba chini.

Huo wa pili ndio ninaoueleza hapa. Kabla hujaamua mnara wako uwe mrefu kiasi gani, amua utaushushaje. Kushuka utashuka tu, ama kwa winchi yako ama kwa upepo.

Vipimo nilivyotumia

Mnara ni wa chuma cha pembetatu, vipande vinne vya mita 3, jumla mita 12, uzito kilo 60 hivi. Juu yake kuna mota ya kuzungushia na antena ya vipengele vitatu, yaani fito tatu kwenye bomba moja, kwa bendi za 14, 21 na 28 MHz. Vyote kilo 15. Unashikwa na stei, yaani nyaya za kuuzuia usianguke, pande nne, ngazi mbili: mita 6 na mita 11.

Mbona si mita 20? Antena ya mlalo ikiwa nusu ya urefu wa wimbi juu ya ardhi, yaani mita 10 na nusu kwa 14 MHz, hurusha sehemu kubwa ya nguvu kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukiipeleka kwenye mita 21, pembe inashuka hadi nyuzi 15, na hapo kweli mbali kunafikika kirahisi zaidi. Mita 12 zinakupa nyuzi 26 kwa 14 MHz, lakini kwa 28 MHz mita hizo hizo zinakupa nyuzi 13. Kwa mtu anayefanya kazi na majirani wake badala ya kampuni ya minara, hiyo inatosha sana.

Upepo nao una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma ubao wa mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Wa kilomita 144 kwa saa unausukuma kwa kilo 100. Kwa hiyo usiseme “ulistahimili kusi ya mwaka jana” ukadhani umepima kitu.

Kibali na mahali

Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Leseni si kibali cha ujenzi, hivyo pita pia halmashauri yako, na ukikaa jirani na uwanja wa ndege nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kununua hata bolti moja. Jirani naye mwambie mapema. Akiona chuma kimesimama ghafla ukutani kwake, kila televisheni yake itakapokwaruza ni wewe.

Nyaya za umeme zinaua watu kwenye kazi hii kuliko unavyodhani. Kanuni yangu: kutoka kwenye bawaba hadi waya wowote wa umeme uliopita hewani, pamoja na ule unaoingia nyumbani kwako, iwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa mnara. Kwa mita 12 ni mita 18, kila upande, si upande utakaoulaza tu. Kiwanja kisipotosha, usijaribu kubana. Funga antena ya waya kati ya minazi miwili na uendelee na maisha. Nimeongea na dunia nzima kwa waya wa namna hiyo.

Kupiga vigingi: hapa ndipo kazi ilipo

Piga kigingi pale bawaba itakapokaa. Kutoka hapo, pima mita 8 pande nne, kila upande na mwenzake zikiwa kwenye pembe mraba; hapo ndipo zitakapokaa nanga, fito za ardhini za kufungia stei. Pembe mraba ipatikane kwa pembetatu ya pande 3, 4 na 5 kama waashi wafanyavyo, usikadirie kwa jicho. Vipimo hivi nimevichagua makusudi: stei ya chini iko mita 6 juu na nanga iko mita 8 mbali, basi waya wake ni mita 10 kamili. Wa juu ni mita 13.6. Jumla ya nyaya nane ni kama mita 95. Nunua 115 kwa ajili ya kukunja ncha.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Nanga mbili za pembeni lazima zikae kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba, na lazima ziwe usawa mmoja nayo. Sababu ni kwamba mnara unapoinuka, stei za pembeni hazifunguliwi. Ndizo zinazouzuia usipinduke ubavuni. Zikiwa kwenye mstari wa bawaba, urefu wake haubadiliki tangu mnara ukiwa umelala hadi unaposimama. Zikitoka kwenye mstari, unabadilika. Nanga ya pembeni ikiwa nusu mita tu chini ya usawa wa bawaba, waya wa juu unahitaji kuwa mrefu zaidi kwa sentimita 40 mnara ukisimama. Hauna hizo sentimita 40. Utakaza, utakaza, na mnara utapinda katikati kama mua. Ikiwa juu ya usawa, kinyume chake: waya unalegea kadiri mnara unavyopanda, na unalegea zaidi pale unapouhitaji zaidi.

Kiwanja changu Tanga kina mteremko usioonekana kwa macho. Tulitumia mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, tukakuta tofauti ya sentimita 35 kati ya nanga mbili. Tulichimba upande mmoja na kuinua zege la upande wa pili. Siku nzima iliishia hapo, na sijutii hata saa moja.

Zege

Shimo la bawaba: sentimita 80 kwa 80 kwa 80. Mashimo ya nanga: 60 kwa 60, kina mita moja. Uwiano ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Jumla ni karibu mita 2 za ujazo, yaani mifuko 13 ya kilo 50. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukipewa bure, chumvi yake inakula nondo kutoka ndani; chukua wa mtoni, na maji yawe ya bomba au kisima kisicho na chumvi.

Fito ya nanga iwe ya chuma kilichochovywa zinki, unene wa milimita 20, ncha ya chini imechomelewa kipande cha bamba ili isichomoke. Iinamishe nyuzi 45 ikitazama mnara, maana inabeba stei mbili: moja inakuja kwa nyuzi 37, nyingine kwa 54. Fito iliyosimama wima itapindwa na stei mwaka wa kwanza.

Funika zege kwa magunia, limwagilie siku 7, kisha liache hadi siku 28 ndipo ulibebeshe mzigo. Fundi atakwambia wiki moja yatosha. Kwa sakafu ya banda labda.

Kwa walioko kwenye jiwe la matumbawe: usifurahi kwamba jiwe ni gumu. Lina mapango madogo na linameguka. Chimba vile vile kina kamili na umwage zege.

Stei na viungo vyake

Tafuta waya wa nyuzi 7 uliochovywa zinki, wa unene wa milimita 5 hivi, ambao cheti chake kinasema unakatikia kilo 1,800 au zaidi. Kamba ya chuma laini yenye kiini cha katani haifai. Inavutika, na kila mwezi utakuwa unakaza.

Kila ncha inakunjwa kuzunguka ukingo wa chuma wenye mfereji, ili waya usivunjike kwenye kona, kisha inafungwa kwa klipu za U tatu. Klipu ina sehemu mbili: tandiko lenye meno na kile cha U. Tandiko likae upande wa waya unaobeba mzigo, U ikae upande wa ncha iliyobaki. Ukigeuza, U inabonyeza waya unaobeba na kuupunguzia nguvu. Nimeona minara mitatu mjini yenye klipu zilizowekwa moja hivi moja vile, kama mtu aliyetaka kupendeza. Baada ya mzigo kukaa, kaza nati tena. Waya hupungua unene ukivutwa.

Chini, kati ya waya na fito ya nanga, weka kikazio, lile dude lenye skrubu mbili zinazoelekeana. Ukishakaza, pitisha kipande cha waya katikati yake na kwenye fito kwa umbo la nane. Bila hivyo mtetemo wa upepo utakifungua polepole usiku ukiwa umelala.

Stei za chuma karibu na antena hunyonya mawimbi kama zina urefu wa nusu wimbi. Nilikata zile za juu vipande visivyozidi mita 4 na kuziunganisha kwa mayai ya kauri, yaani vihami visivyopitisha umeme. Yai hilo limetengenezwa kwa namna ambayo vitanzi viwili vya waya vinapitana ndani yake, hivyo hata likipasuka stei haianguki.

Mkazo wa mwanzo ni asilimia 10 ya nguvu ya kukatikia, kwa waya wetu kilo 180. Utapimaje bila kifaa cha bei? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Pima mita 2 kutoka kwenye nanga ukifuata waya wa juu, usimame hapo. Hapo waya uko usawa wa uso. Uvute waya ubavuni kwa kilo 10. Ukisogea sentimita 9 hadi 10, uko kwenye kilo 180. Ukisogea sentimita 20, umelegea nusu. Ukisogea 5 umekazwa kupita kiasi, na mzigo huo wote unashuka kwenye miguu ya mnara. Pima zote nne za ngazi moja huku mtu mwingine akiangalia timazi.

Siku ya kuinua

Nguvu kubwa kabisa inahitajika pale mwanzoni, mnara ukiwa umelala. Hapo waya wa winchi, ukivutwa ukiwa karibu sambamba na mnara, hauinui. Unausukuma tu mnara kwenye bawaba. Ndiyo maana unahitaji nguzo ya kunyanyulia: bomba imara la mita 5 lililofungwa penye bawaba, limesimama mnara ukiwa umelala. Stei mbili za mbele, yaani za upande ambao mnara haukulalia, zinafungwa kileleni mwake, na waya wa winchi unatoka kilele hicho hadi nanga ya mbele. Kwa mnara wangu, nguzo ya mita 5 inaleta mvuto wa kilo 130 hivi kwenye winchi. Ya mita 2 ingeleta kilo 280. Nguzo yenyewe ifungiwe kamba mbili kwenye nanga za pembeni, isije ikalala upande.

Winchi iwe ya mkono, yenye breki inayojifunga, ya kilo 500 au zaidi. Usivute kwa gari. Dereva hahisi kitu kilichokwama, na gari halijui sentimita 5.

Mara ya kwanza inua mnara mtupu, bila antena. Utajua kila kitu kinachokwama, na ukikosea umepoteza chuma tu. Tulikuwa watu watano: mmoja winchi, mmoja kila stei ya pembeni, mmoja stei za nyuma, mmoja wa kuamuru. Aliyeamuru alikuwa baharia mstaafu wa majahazi. Redio haijui, lakini milingoti anaijua, na alituambia jambo moja kabla ya kuanza: anayetoa amri ni yeye, ila neno “simama” mtu yeyote anaruhusiwa kulisema. Watoto na watazamaji walikaa nje ya mita 18.

Mnara ukifika karibu nyuzi 75, unaanza kuwa mwepesi ghafla, na ukikaribia wima unataka kwenda mbele wenyewe. Kwa hiyo stei za nyuma ziwe tayari zimefungwa kwenye nanga yake kwa urefu uliopimwa, ili zikaze zenyewe mnara unaposimama wima. Ukishasimama, hamisha stei za mbele kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye nanga, moja baada ya nyingine, winchi ikiwa bado imeshika.

Kisha ushushe. Safari hii egemeza kichwa chake juu ya farasi la mbao la mita 2.5, lile wapaka rangi wanalolipanda. Kimo hicho kina sababu: mnara ukilala, antena inasimama. Bomba langu la antena lina mita 4.2, nusu yake ni mita 2.1, nikiligeuza likatazama juu na chini, na vipengele vikawa sambamba na ardhi, hakuna kinachogusa mchanga. Unafunga kila kitu ukiwa kwenye ngazi ya jikoni.

Kebo iachie kitanzi penye bawaba, na kitanzi kingine cha kuning'inia chini kabla haijaingia nyumbani ili maji yadondoke hapo. Viungo vizungushie utepe wa mpira unaojishikanisha, kisha juu yake utepe wa kawaida, ukianza chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama vigae.

Radi

Kando ya Ziwa Viktoria na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Sisi wa pwani tunapata kidogo, lakini moja inatosha. Piga fimbo za shaba za mita 2.4 karibu na mnara, tatu kwa uchache, zikiachana kama mita 5, na moja kwa kila nanga. Ziunganishe zote, na muhimu zaidi, ziunganishe na fimbo ya umeme wa nyumba. Nyumba yenye fimbo za ardhini zisizoungana, radi ikipiga, itatafuta njia ya kutoka moja kwenda nyingine kupitia redio yako. Waya wa shaba usipige kona kali, na usiugusishe moja kwa moja kwenye chuma cha zinki. Weka kipande cha chuma kisichoshika kutu katikati, vinginevyo zinki inalika. Kwenye matumbawe fimbo haziendi chini na jiwe halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo laza waya mrefu wa shaba kwenye mtaro wa sentimita 50, uzungushe nyumba.

Kinga ya kebo iwepo pale inapoingia ukutani. Mimi bado nachomoa kebo kila nikilala.

Matunzo

Kila miezi sita: kabla ya masika, na tena kusi ikitulia. Nashusha mnara, kazi ya chini ya saa moja. Bolti zote napitia kwa spana. Miguu ya mabomba inaoza kutoka ndani, kwa hiyo nahakikisha matundu ya kutolea maji chini hayajazibwa na mchwa au matope, na nagonga kila mguu kwa nyundo ndogo sentimita 30 za mwisho. Palipooza pana sauti ya debe. Mikwaruzo napiga brashi ya waya, kisha rangi ya zinki.

Nanga ndiyo wengi wanaiacha. Mwaka wa nne fito zangu zilikuwa zinang'aa juu ya ardhi. Nikachimba sentimita 30 kuzunguka moja, kwa uvivu tu kwani nilikuwa natafuta funguo iliyodondoka. Kiganja kimoja chini ya udongo, milimita 20 zilikuwa zimebaki 9. Chumvi na unyevu hufanya kazi pale hewa na udongo zinapokutana. Sasa nachimba zote nne kila mwaka, nakausha, napaka lami hadi juu ya udongo, na zege jipya linasimama sentimita 15 juu ya ardhi.

Usibadili stei kabla hujaweka ya muda mahali pake, hata kama ni “dakika mbili”. Na zungushia stei mabomba ya plastiki ya njano mita 2 za chini. Watu wameanika nguo kwenye zangu, wamefunga mbuzi, na bodaboda mmoja amepita nazo usiku.

Kama mnara wako ni wa kupanda

Angalia nanga, stei na msingi kabla ya kugusa ngazi. Mnara uliopinda au wenye stei iliyokatika haupandwi, unaitiwa kreni. Zima redio na mota, chomoa fyuzi, itie mfukoni mwako wewe unayepanda. Mkanda uwe wa mwili mzima, wenye kamba mbili, ili moja iwe imefungwa kila unapohamisha nyingine. Mkanda wa kiunoni peke yake unavunja mgongo. Usipande peke yako, na aliye chini avae kofia ngumu na awe anajua atakushushaje: mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda ana dakika chache, hasubiri gari la zimamoto litoke mjini. Ukisikia ngurumo, shuka, na usirudi kabla ya nusu saa kupita tangu ile ya mwisho. Angalia nyuki kwa darubini ukiwa chini.

Kwa wa kulala, jambo la mwisho ni pini ya bawaba na winchi. Pini funga kufuli. Mkono wa winchi usiuache mnarani, kuna watoto watakaotaka kujua unafanya nini. Wangu uko jikoni, nyuma ya mtungi wa gesi.